Shaba Ndani ya Posho: Maneno kwa Wafugaji wa Inchi ya Mashimo



Leo sitasema juu ya kupanda mihindi. Nitasema juu ya mifuko ya posho ambayo wengi wenu mumeanza kununua mujini kwa kulisha kuku na nguruwe. Ukifungua mufuko ule unaona mihindi iliyosagwa, unaona makapi, soya, pengine samaki wakavu. Hivyo ni vyakula, na kila mutu anavijua. Lakini ndani yake kuna vitu vingine vidogo sana, vinavyopimwa kwa grama, na macho hayavioni: chumvi za shaba, za zinki na za kobalti, vitamini, dawa ya kuzuia kuku wasihare damu, na vingine vipya vinavyozidi kutoka. Vitu hivi tutaviita viongezo. Ni vidogo, lakini serikali nyingi za dunia zinaviangalia kwa macho makali kuliko zinavyoangalia mihindi yenyewe.

Watu wananiuliza maulizo mawili kila mara. La kwanza: Monitere, ndani ya mufuko mutu ametia nini, hata kuku wa kule kambini wanakuwa wazito kwa majuma sita, na kuku wangu anatembea miezi sita naye ni mifupa tu? Hilo ni ulizo jema. Jibu lake ni mbegu ya kuku zaidi kuliko dawa, na tutalisema siku nyingine. Ulizo la pili ndilo linalonitisha: Tumesikia kama Bulaya wanatia shaba ndani ya posho ya nguruwe. Sisi tunalala juu ya shaba. Kwa nini ninunue mufuko kwa franka nyingi, na shaba iko nyuma ya nyumba yangu?

Ninawajibu kwa upole, kwa sababu mwenye kuuliza hivi si mujinga. Habari aliyoisikia ni ya kweli. Lakini ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua nyama.

Nguruwe anahitaji shaba kidogo kwa kufanya damu na mifupa, kama vile mutu anavyoihitaji. Kile kidogo, chakula kizuri karibu kinamutosha. Lakini katika mwaka wa 1955 mafundi wa Uingereza walitangaza habari mupya: nguruwe waliotiliwa shaba nyingi, kadiri ya grama 250 katika tona moja ya posho, walikua haraka kuliko wenzao. Shaba hiyo haikuwa chakula tena. Ilifanya kazi kama dawa ndani ya matumbo, ikapunguza mikrobe wabaya, na watoto wa nguruwe wakahara kidogo. Wafugaji wakafurahi. Kwa miaka mingi shaba ikatiwa katika posho ya nguruwe kwa inchi nyingi za Bulaya.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Nguruwe hashiki shaba ile yote mwilini mwake. Sehemu kubwa sana inatoka pamoja na mavi. Mavi yanapelekwa mashambani, na shaba haiozi kama majani. Inabaki katika udongo mwaka kwa mwaka, inazidi, mpaka minyoo ya udongo inaumia, na kondoo wanaolishwa katika shamba lile wanakuwa katika hatari. Tena mafundi waliona jambo lingine: mikrobe waliozoea kuishi ndani ya shaba nyingi, pengine walikuwa wamezoea vilevile dawa ambazo munganga anawapa watu. Kwa sababu hizo serikali za Bulaya zikapunguza kipimo. Mwanzo nguruwe mudogo mpaka majuma 12 aliruhusiwa grama 170 katika tona. Katika mwaka wa 2018 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mupya: grama 150 katika tona mpaka juma la nne baada ya kuachishwa maziwa, kisha grama 100 mpaka juma la nane, na baadaye nguruwe hapewi zaidi ya grama 25. Vipimo hivi ni pamoja na shaba iliyo ndani ya mihindi na soya yenyewe.

Tufanye hesabu kwa mufuko wetu wa kilo 50, maana hakuna mutu hapa anayenunua tona. Kwa mutoto wa nguruwe aliyetoka kuacha maziwa, mufuko muzima hauwezi kupita grama 7 na nusu za shaba. Kwa nguruwe aliyekomaa, grama moja na robo. Kwa kondoo, kipimo cha juu ni robo tatu ya grama katika mufuko muzima. Robo tatu ya grama! Shika chumvi ya kupikia kati ya vidole viwili: ndiyo kadiri ninayosema, tena inatawanywa ndani ya kilo 50 mpaka kila sehemu ya mufuko iwe sawasawa. Nani kati yetu ana mizani ya kupima hivyo? Nani ana chombo cha kuchanganya hivyo? Ukichanganya kwa pauni ndani ya pipa, nguruwe wa kwanza atakula mihindi mitupu, na wa pili atakula shaba ya wenzake kumi.

Na ile shaba ya nyuma ya nyumba si shaba ya posho. Jiwe la kijani limeshikana na vitu vingine: kobalti, risasi, pengine na vibaya zaidi, na mutu hawezi kuvitambua kwa macho. Chumvi ya buluu inayotumika viwandani haikufanywa kwa kuliwa. Pipa lililotoka kiwandani linaweza kuwa na mabaki ya asidi. Posho inataka chumvi iliyosafishwa na kupimwa, na karatasi inayosema imepimwa na nani. Kwa hiyo ninasema waziwazi: kitu chochote kilichotoka katika mashimo au katika kiwanda, kiwe jiwe, kiwe unga, kiwe pipa tupu, kisiingie katika chakula wala katika mayi ya nyama wa kufuga.

Niongeze juu ya kondoo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza mali bila kujua sababu. Kondoo hana uwezo wa kutoa shaba iliyozidi kama nguruwe anavyoitoa. Anaiweka katika maini. Leo kidogo, kesho kidogo, na mwenyewe anaonekana muzima, anakula, anacheza. Majuma yanapita, pengine miezi. Halafu siku moja, pengine baada ya safari ndefu au mvua kubwa au njaa, maini yanaachilia shaba yote ndani ya damu kwa mara moja. Damu inavunjika. Macho yanakuwa ya njano, mikojo inakuwa myekundu au nyeusi, na katika siku moja au mbili kondoo amekufa. Watu wanasema: amerogwa, jana alikuwa muzima. Jana alikuwa amejaa shaba.

Sheria ya Bulaya inamujua kondoo huyu. Inaamuru kama posho ya kondoo ikipita grama 10 za shaba katika tona, karatasi ya mufuko iandikwe kwamba shaba ile inaweza kudhuru aina nyingine za kondoo. Mbuzi anavumilia zaidi, ngombe vilevile, lakini wao pia wana mupaka wao.

Basi angalieni nyumbani kwenu. Mufuko wa nguruwe umebaki kidogo, mama anawatupia kondoo ili usipotee. Mutoto anaacha mulango wazi, kondoo wanaingia kulamba birika la nguruwe. Muzee mwingine anachukua mavi ya kuku wa posho, anawapa kondoo wakati wa kiangazi, maana amesikia kuwa yana nguvu. Katika mambo haya matatu hakuna mutu mubaya. Kuna ubahili mwema wa nyumba, ndio unaowaua kondoo.

Niseme sasa juu ya kobalti, maana ulizo lake litakuja. Ngombe na kondoo wanaihitaji kweli. Katika tumbo lao kubwa la kwanza mna mikrobe wema wanaotumia kobalti kwa kufanya vitamini inayoitwa B12. Zamani kulikuwa sehemu za Australia ambapo kondoo walikuwa wanakonda na kufa katikati ya majani mengi, na hakuna aliyejua sababu. Katika mwaka wa 1935 mafundi wa kule walitambua kama udongo ulikosa kobalti. Wakawapa kidogo sana, kondoo wakapona. Hivyo kobalti ikawa kiongezo. Hata hivyo katika mwaka wa 2013 Umoja wa Ulaya uliifunga kwa kamba fupi: grama moja tu katika tona, na kwa nyama wanaocheua, farasi, sungura na wengine wachache. Kuku na nguruwe hawamo, maana hawana tumbo lile la kufanya vitamini. Kwao kobalti ni hasara. Tena sheria ile ilimufikiri hata mutu anayechanganya posho, kwa sababu vumbi la kobalti linaharibu mapafu na linaweza kuleta kansa. Aliamriwa ajikinge na kuzuia vumbi. Ndugu zetu wanaoponda na kuchekecha kobalti upande wa Kolwezi, bila kitambaa puani, wangefaa kuyasikia maneno haya kuliko sisi.

Juu ya zinki nitasema kidogo. Ilitiwa kwa wingi sana kwa watoto wa nguruwe kama dawa ya kuhara. Katika mwaka wa 2017 Bulaya waliamua kuiondoa dawa hiyo, wakawapa wafugaji miaka mitano ya kujizoeza, na katika Juni 2022 ikakoma. Zinki kidogo ya chakula ilibaki, kwa kipimo. Sababu ni zilezile za shaba: udongo na mikrobe.

Sasa pengine mutu atauliza: serikali inajuaje kiongezo kipya ni chema au kibaya? Je, inangoja nyama wafe? Zamani, mara nyingi ilikuwa hivyo. Sasa kwa Umoja wa Ulaya kuna sheria ya mwaka wa 2003, na mimi ninaisifu kwa jambo moja: muzigo wa kuonyesha ukweli anaubeba yule anayetaka kuuza. Hatuambiwi sisi, onyesheni kama ni kibaya. Anaambiwa yeye, onyesha kama ni chema. Lazima alete mayaribio. Je, nyama mwenyewe hadhuriki? Je, mutu anayekula nyama ile, au mayai, au maziwa, hadhuriki? Na mufanyakazi anayefungua mufuko? Na udongo na mayi? Na la mwisho, ambalo wauzaji hawalipendi: je, kiongezo kinafanya kweli kazi unayoitangaza? Kitu kisichodhuru na kisichofaa hakipiti vilevile, maana ni kumulia mufugaji franka zake bure.

Mafundi wa Umoja ule, wenye ofisi yao katika muji wa Parma, Italia, wanasoma karatasi zote. Kule Geel, Ubelgiji, kuna laboratuari inayochunguza njia za kukipima kiongezo ndani ya posho. Maana faida gani kuweka mupaka wa grama kama hakuna anayeweza kuzihesabu? Kiongezo kikikubaliwa, ruhusa yake ni ya miaka 10. Baadaye mwenyewe anarudi kuomba upya, na mambo mapya yaliyojulikana yanatazamwa. Ruhusa inataja nyama gani, kadiri gani, mara nyingine na umri gani. Si ruhusa ya kitu tu, ni ruhusa ya kitu kwa nyama fulani. Munaona mufano katika dawa inayoitwa monensini. Kuku anaipata katika posho, inamulinda na kuhara damu, naye anapona. Farasi akila posho ileile, moyo wake unaharibika, anakufa. Na punda ni ndugu yake. Kwa hiyo mufuko unaandikwa hatari ile.

Jambo lililoziamsha serikali zaidi ni antibiotiki, zile dawa za kuua mikrobe. Kwa muda mrefu zilitiwa katika posho kila siku, si kwa kuponya ugonjwa bali kwa kukuza. Mikrobe wakazizoea. Baadaye mutu akaugua, munganga akampa dawa, na dawa ikashindwa. Uswidi walikuwa wa kwanza kukataza, katika mwaka wa 1986. Umoja wa Ulaya ulikataza kabisa matumizi hayo ya kukuza tangu tarehe 1 Januari 2006. Marekani katika mwaka wa 2017 waliondoa, kwa kazi ya kukuza, zile dawa zinazohitajiwa na wagonjwa. China walifuata katika 2020.

Ninawaambia haya kwa sababu ya zile kapsuli za rangi mbili zinazouzwa sokoni moja moja, bila sanduku, bila jina. Watu wanazifungua katika mayi ya kuku. Kuku mugonjwa anaweza kupewa dawa, lakini kwa neno la veterinere, na baadaye kuna siku za kungoja. Katika siku hizo kuku hachinjwi na mayai yake hayauzwi, maana dawa ingali mwilini. Siku hizo zimeandikwa katika karatasi ya dawa, na kila dawa ina hesabu yake. Kapsuli isiyo na karatasi haina siku za kungoja, wala haina mwenye kujibu. Na anayekula yai lile ni nani? Ni mutoto wa ndugu yako aliye kambini.

Wengine watasema: sheria hizi ni za Bulaya, kwetu zinatuhusu nini? Nitajibu kwa habari ya Ubelgiji wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka wa 1999 mafuta ya transfo, yaani yale mafuta yenye sumu yaliyokuwa yanatiwa katika mashini za umeme, yaliingia katika mafuta ya kuchanganya posho. Hakuna aliyeyaona, maana mafuta ni mafuta. Posho ikaenda kwa wafugaji wengi. Mayai yakakosa kuanguliwa, vifaranga wakafa. Serikali ilipojua, haikuwatangazia watu upesi. Katika Mei habari ikatoka nje, kuku na mayai vikaondolewa madukani, inchi nyingine zikakataa vitu vya Ubelgiji, na tarehe 1 Juni mawaziri wawili, wa kilimo na wa afya, wakaacha kazi. Siku chache baadaye watu walipiga kura, na serikali ikashindwa. Kisha Wabelgiji wakaunda ofisi moja ya kuangalia chakula chote, tangu posho mpaka sahani. Ikiwa inchi yenye laboratuari nyingi namna ile ilidanganywa na pipa la mafuta, sisi tunaokaa kati ya transfo za mashimo na mapipa yake tujiangalie mara mbili. Mafuta ya transfo si ya kukaangia, wala si ya kutia katika posho, wala si ya kumupaka nguruwe mwenye upele.

Ninajua vilevile kama sheria ya karatasi haitoshi. Mifuko mingine inavuka mupaka wa Kasumbalesa, mingine inachanganywa nyuma ya duka. Kazi ya kupima vitu vinavyoingia katika inchi yetu ni ya OCC, lakini OCC haiwezi kulala ndani ya zizi lako. Kwa hiyo tufanye yale ambayo mukono wetu unafikia.

Ukinunua mufuko, usinunue ulioshonwa mara ya pili. Tafuta karatasi yake, soma au umuite mutoto wa shule akusomee: ni posho ya nyama gani, ya umri gani, ina viongezo gani, ilifanywa lini, na nani. Mufuko usio na jina la aliyeufanya, umuachie muuzaji. Karatasi usiitupe, itie katika chupa kavu mpaka nyama aliyekula posho ile ameuzwa. Akifa ghafula, veterinere atakuwa na pa kuanzia. Posho ya nguruwe ifungiwe mahali pake, ya kuku mahali pake, na kondoo wasifike huko. Wala musiwalishe karibu na kiwanda kinachoyeyusha shaba, wala musiwanyweshe mayi yanayotoka katika mabwawa ya kuoshea mawe. Vumbi la bomba linaanguka juu ya majani, na kondoo hajui kulipangusa.

Siku ya soko nitakaa chini ya muembe pamoja na mizani ndogo. Mwenye mufuko nyumbani alete karatasi yake, tusome pamoja. Mwenye kondoo aliye na macho ya njano asingoje soko, aniite usiku huohuo, na asimuchinje kwa kuuza. Maini yake yamejaa shaba.

Sasa ulizeni. Muzee wa pale nyuma aliinua mukono tangu zamani, tumusikilize yeye kwanza.